Nati Zangu Nazifungua Mwenyewe

Kwetu Likasi, kusini mwa Kongo, fundi wa matairi haridhiki na kazi yake mpaka aruke. Fundi huyo tunamwita kwado. Utamkuta kando ya barabara na kompresa yake inayokohoa, beseni la maji ya kutafutia matundu, na chuma chenye umbo la msalaba cha kufungia nati za magurudumu. Anakaza kwa mkono mpaka mkono unakataa. Hapo anasimama, anachomeka bomba refu kwenye chuma, anapanda juu ya bomba kwa miguu miwili, anaruka. Anashuka, anakagua, anaruka tena. Kisha anapangusa mikono na kukuambia kwa majivuno ya mtu aliyemaliza kujenga nyumba: "Mama, ile haitoke tena!"

Na sisi tunamshukuru. Asiyeruka tunamwona mvivu, tunahama tunakwenda kwa mwenzake. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama hapo na mkoba wangu kwapani, nikitabasamu, nikiwaza kwamba gari langu limepata heshima inayolistahili. Hakuna anayejiuliza swali jepesi kabisa: kama haitoki tena, siku ya pancha utafanyaje?

Siku hiyo ilinikuta kwenye njia ya kutoka ziwa Tshangalele. Mimi ni muuza samaki. Nawafuata ziwani kwa pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu, gari dogo la Kijapani lenye usukani upande wa kulia, na nawauza sokoni Kikula. Gari hilo nalijua. Mume wangu alipokuwa hai alilitengeneza mwenyewe ndani ya lupango, yaani uani kwetu, yeye chali chini ya gari na mimi nimekaa kwenye kigoda na mfuko wa spana. Mkono wake ulikuwa ukitoka wazi kutoka chini, hasemi kitu, na mimi najua spana gani ya kuuweka. Alipofariki sikumwita fundi. Oili nabadilisha mwenyewe, breki nabadilisha mwenyewe. Kwa hiyo sikuwa mwanamke wa kukaa kando ya njia na kulia kwa sababu ya tairi.

Lakini nililia. Niliweka chuma kwenye nati, nikavuta, nati ikanitazama. Nikapanda juu ya chuma na kuruka kama kwado, na mimi si mwanamke mwepesi. Chuma kikateleza, kikala pembe za nati, mimi nikaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Malori ya madini yalipita yakinimwagia vumbi jingine juu ya lile la kwanza. Jua likapanda. Barafu ikayeyuka, na maji ya samaki yakaanza kuchuruzika nyuma ya gari. Mwisho wake lori moja lilinihurumia, likanifunga kamba, nikaingia Likasi nikivutwa mchana kweupe, tairi limekwisha kwa kusagwa na samaki wananuka. Nilipita mbele ya soko zima. Hasira niliyokuwa nayo ingetosha kuwakausha wale samaki.

Sikuwa hata nimeoga, shemeji yangu alikwisha kujua. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, mnunuzi wa mawe ya madini kwa wachimbaji, mtu wa suti, mtu wa kiti cha mbele kanisani. Tangu msiba alikuwa na jicho kwenye pikapu. Jumapili hiyo, baada ya ibada, alikuja kwangu na shemasi mmoja. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti na kuanza kuliombea. Aliombea injini, akaombea barabara, akaombea malori yasiyo na breki. Mimi nikaitikia amina. Kisha akapaza sauti na kumwomba Mungu alipatie gari hili "mukono yenye kuistahili". Hapo sikuitikia. Shemasi alifungua jicho moja kunitazama, nikamtazama na mimi.

Maombi yalipokwisha, shemeji aliingia ndani, akachukua ufunguo wa akiba kwenye msumari wake karibu na mlango, akautia mfukoni.

"Shemeki," akaniambia, "motokari ni kintu ya banaume. Siku italala tena mu njia, kesho yake inakuya kwangu. Niko na chauffeur, dereva muzuri. Atakuletea samaki, weye utauzisha tu. Utapumuzika."

"Nani amekuambia minye nimechoka?" nikamuuliza.

"Umeona vile bantu banacheka?"

"Nimebaona. Na weye umecheka?"

Akamwita shemasi, wakatoka. Sheria ya nchi najua inasema nini kuhusu mali ya mjane, lakini sheria inakaa mbali na lupango langu, na shemeji anakaa mtaa wa pili. Nilikaa kwenye kigoda baada ya wao kuondoka, mimi na ghadhabu yangu. Si samaki tu niliokuwa nawaza. Niliwaza jinsi nitakavyokuwa naomba. Nitaomba gari liende, nitaomba lirudi, nitaomba anihesabie samaki wangu mwenyewe, na mwisho nitaomba hata lifti ya kwenda hospitali kwenye gari la mume wangu. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti, peke yangu, kuku wakanitazama.

Sasa, njia za kupambana na nati iliyorukiwa ni chache. Kurukia chuma nilikwisha kujaribu, na kulinipa nati iliyoliwa pembe. Ile mashine ya hewa niliyoiona kwenye gereji inataka kompresa, kompresa nayo inataka umeme, na umeme wa bwawa la Mwadingusha kwetu ni mgeni wa siku anayoitaka yeye. Nyaya zake zinapita juu ya mapaa yetu zikielekea kwa wakubwa, sisi tunabaki na mishumaa. Nilitaka mashine ya betri. Ya kushikwa mkononi, isiyo na waya, ya kupiga nati mpaka ilegee, ambayo naweza kuitia chini ya kiti na kwenda nayo ziwani. Mafundi wetu wanaiita kwa Kifaransa, boulonneuse.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa nazo ukuta mzima, nyekundu, za njano, za kijani, zimepangwa kama nguo za watoto wakati wa Krismasi. Muuzaji, kijana wa manukato mengi, alinitolea ya kijani, akaielekeza juu, akabonyeza. Vuuuuu! Wateja waliokuwa dukani wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Akaitoa nyekundu, nayo ikalia zaidi, nao wakatikisa zaidi. Hivyo ndivyo mashine inavyonunuliwa mjini kwetu, kwa sikio. Mwenye kelele nyingi ndiye mwenye nguvu, iwe mashine, iwe mhubiri.

"Sikia ile mulio, mama! Hii inafungula yote."

Mimi niliwaza debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwambia, "Hewa haina boulon, haina nati. Jaribisha ku gurudumu ya motokari yangu, iko hapa inje."

"Ah, mama, machine mupya hatuijaribishe ku bintu ya kuchakala. Lipa kwanza, utajaribisha ku kwako."

"Minye sinunue mbuzi ndani ya gunia."

Akacheka, akawageukia wale wateja kutafuta mashahidi. "Basi mutume bwana yako akuye. Na yeye tutasikilizana."

"Bwana yangu eko ku makaburi," nikamwambia. "Wende umuite weye."

Nilitoka na kufunga mlango polepole, ili asipate la kusema kwamba niliubamiza.

Duka la pili ni la mzee mmoja Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Maniema. Limejaa minyororo, kufuli na misumari, halina rangi ya kupendeza. Alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia shida yangu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa bado nagombana na yule wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe.

"Leta gari, mama," akasema.

Nilisogeza pikapu mpaka mbele ya mlango wake, nikazuia njia ya mkokoteni wa unga, mwenye mkokoteni akanitukana kidogo kisha akabaki kutazama. Likasi ni mji wa watazamaji. Haikupita dakika, palikuwa na wauza kadi za simu, mama wa ndizi, na madereva wa teksi waliosahau abiria wao. Nilimwonyesha mzee gurudumu la kushoto la nyuma, lile la pancha, ambalo kwado alilifungua kwa nyundo na patasi, akalitia tairi jingine, kisha akazirukia tena nati zilezile juzi tu kabla sijamzuia.

Alianza na mashine iliyokuwa nzuri kuliko zote, yenye sanduku lililoandikwa namba kubwa ya nguvu. Ililia trrrrr, ikanyamaza. Nati haikujali. Mzee aligeuza sanduku, akaisoma namba tena, kisha akaliweka chini. Karatasi inabeba chochote utakachoiandikia. Ya pili ilikuwa nene na ilipiga kwa nguvu kweli, lakini lile kopo la chuma linalovaa nati, ambalo tunaliita duyi, likapasuka katikati. Lilikuwa lile la kung'aa, la kutumia kwa mkono tu. Mzee akasonya kwa kujikasirikia, akaingia ndani na kuleta mengine, meusi, mazito, yenye ukuta mnene. Hayo ndiyo yanayostahimili kupigwa. Tangu siku hiyo nikiona mtu ametia duyi inayong'aa kwenye mashine, nasogea mbali kuokoa macho yangu.

Ya tatu ilikuwa fupi na mbaya kwa sura, kichwa cha nusu inchi, uzito wote umekaa chini kwenye betri. Mzee alisema moteri yake ni ya aina isiyotumia vile vijiti vya makaa vinavyokwisha na kutoa moshi. Akaanza kuinama.

"Hapana," nikasema, "minye njo nitaishika."

"Itakuvuta mkono, mama."

"Ivute."

Nilipiga goti moja kwenye lami na kitenge changu. Nikabana mashine kwa mikono miwili, nikabonyeza. Ta-ta-ta-ta-ta-ta! Ilinitikisa mpaka meno. Nati ikakaa palepale. Nyuma yangu mtu mmoja akapiga kelele, "Muite kwado!" na watu wakacheka kicheko kilekile nilichokisikia siku ya kuvutwa kwa kamba. Sikuachia. Nilisema moyoni, ama itoke nati ama utoke mkono wangu. Ta-ta-ta-ta. Halafu mlio ukabadilika, ukawa mwembamba, na nati ikazunguka. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa, ikaangukia mbele ya goti langu, ya moto.

Nilicheka, na machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja, na sikujificha. Mama wa ndizi alipiga vigelegele. Nikafungua na ya pili, na ya tatu, na nyingine zote. Hata ile iliyoliwa pembe kule njiani, mzee aliivalisha kwa nguvu duyi ndogo kidogo akiigonga kwa nyundo, nami nikaitoa.

Kabla ya kukubaliana naye nilimuuliza jambo moja ambalo watu hawaulizi: betri ile inaingia kwenye mashine gani nyingine? Jirani yangu ni seremala wa milango na ana paneli ya jua juu ya paa kwa ajili ya dreli yake. Mzee aliponionyesha dreli iliyokuwa ikitumia betri ileile, nikajua ndiyo yenyewe, ile ya jirani, na betri yangu ningeichaji kwake juani. Umeme ukitaka uje, usipotaka ukae hukohuko na wakubwa wake. Nilinunua hiyo, na betri ya pili, na nati mpya, na boliti mbili za akiba za gurudumu, kwa sababu kitu kilichorukiwa sana hakiaminiki.

Nyumbani nilifungua magurudumu yote, nikasugua udongo mwekundu kwenye meno ya boliti kwa brashi ya waya, nikarudisha magurudumu. Kufunga sikuhitaji kufundishwa na mtu. Unaanza nati kwa vidole, unaisindikiza kwa mashine kidogo tu, unamalizia kwa chuma cha mkono, ukipishanisha nati za upande huu na za upande ule, mvuto mmoja wa uzito wako. Basi. Mume wangu hakuruka hata siku moja, na sikumbuki gurudumu lake lililochomoka.

Habari za mwanamke aliyepiga goti barabarani na mashine zilifika kwa shemeji kabla mimi sijafika nyumbani. Sasa hakungoja tena gari lilale njiani. Alituma ujumbe kwamba ninaaibisha familia, na kwamba Jumamosi asubuhi atakuja na dereva wake kulichukua. Nikajibu, "Karibu."

Jumamosi niliamka mapema, nikapandisha pikapu juu ya vipande vya mataruma ya zamani ya reli, nikatoa magurudumu yote manne. Nilifanya hayo kabla uji haujachemka. Kisha nikayapanga magurudumu moja juu ya jingine, nikakaa juu yake na kikombe changu cha chai.

Shemeji aliingia ameshika ufunguo mkononi, dereva nyuma yake, mwanamume mnene mwenye kofia. Alisimama ghafla getini.

"Beko bantu baliiba magurudumu?"

"Hapana. Nimeikalia."

"Shemeki, hii ni muchezo gani?"

"Hayina muchezo. Uliomba Mungu mukono yenye kuistahili. Minye nafungula na nafunga. Kama mukono ni ya chauffeur wako, afunge, abebe. Nati ni hizi, zote. Chuma ni kile. Bomba ni lile." Nikashuka kutoka kwenye magurudumu, nikampa dereva bakuli la nati. Sikuficha hata moja. Majirani walikwisha kujipanga kwenye ukuta wa lupango, na seremala wangu alikuwa ameacha randa yake.

Dereva alivua kofia, akaanza. Alifanya vizuri, mgala muue na haki yake mpe. Aliweka gurudumu la kwanza, lile la kushoto la nyuma, akazungusha nati kwa vidole, akakaza kwa mkono. Zilikuwa zimekazwa vya kutosha. Lakini shemeji alikuwa amesimama juu yake na suti yake, na watu walikuwa wanatazama.

"Kaza!" akamwambia. "Kaza sawa mwanaume!"

Dereva akachukua bomba.

"Papa," nikamwambia dereva, "usiruke. Ile boliti imechoka."

"Muache!" akafoka shemeji. "Panda!"

Dereva akapanda, akaruka. Akaruka tena. Tukasikia pwa! Boliti ikakatika, bomba likaruka upande wake, dereva akakaa chini kwa makalio kwenye maji ya kuoshea vyombo. Jirani mmoja alianza kucheka, na ukuta mzima ukafuata.

Shemeji aliokota kile kipande cha boliti, akakigeuza. "Ni chuma mubaya," akasema.

"Chuma ni muzuri. Njo mukono," nikamjibu. "Shemeki, ulisema siku motokari italala, itaenda kwako. Leo weye njo umeilalisha, ndani ya lupango yangu, mbele ya bantu. Minye sikuilalishe. Leta funguo."

Nilikuwa naogopa, nisidanganye, lakini mkono niliunyosha. Ufunguo aliuweka juu ya boneti, palepale alipowekea mkono wake siku ya maombi. Alitoka bila kuaga, na dereva wake nyuma, suruali imelowa.

Nilikunywa chai yangu iliyopoa. Nikagonga kile kipande kilichobaki kikatoka, nikatia boliti mpya, nikaivuta kwa mashine mpaka ikakaa, nikarudisha magurudumu yote na kuyakaza kwa mkono. Nilioga, nikabadilisha kitenge, nikaenda ziwani. Njiani nilisimama mara moja, nikashuka kukagua nati, nikazikuta zimetulia.

Nikipita pale kwa kwado, bado ananiinulia bomba lake: "Mama, nikukazie?" Namwambia asiguse. Ufunguo wa akiba umerudi kwenye msumari wake karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia anauona. Anayeutaka na aje, lakini kwanza anifungulie gurudumu moja.